Faili moja, mikono mingi: nani aliharibu kanzidata?

Jamani, nimekuwa kimya wiki tatu. Sijafa, wala sijapata kazi serikalini. Nilikuwa nasoma. Na nilichokuwa nasoma wengine mtacheka: historia ya namna faili la kompyuta linavyoharibika likishikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Kabla hujafunga ukurasa huu ukaenda kutazama mpira, kaa kidogo, maana ndani ya hadithi hii kuna mtu aliyepoteza kazi, na mimi nilikuwepo.

Mwaka 2018 nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya gazeti moja hapa Dar. Jina la ofisi naliacha. Idara ya usambazaji ilikuwa na kompyuta tano, zote zikifungua faili moja la Access lililokaa kwenye kompyuta ya mhasibu. Humo ndimo yalimokuwa mambo yote: mawakala wa mikoani, nakala walizochukua, walizorudisha, na deni la kila mmoja. Kama uko Mbeya ukachukua nakala 300 ukarudisha 40, habari zako zimo. Faili lile liliishi miaka mingi bila kusumbua sana, kisha katikati ya mwaka ule likaanza kuugua. Asubuhi unalifungua linakwambia limeharibika, unalikarabati, linafunguka, saa nane mchana linaanguka tena. Siku moja lilipomaliza kukarabatiwa, madeni ya mawakala wa kanda nzima hayakuwemo.

Ofisini kwetu kitu kikiharibika lazima apatikane mtu. Akapatikana dada mmoja wa usambazaji ambaye ndiye alikuwa anaingiza hesabu faili lilipoanguka. Wakasema amezima kompyuta vibaya. Wengine wakaenda mbali zaidi: kafuta madeni makusudi, kala na mawakala. Hakuna aliyethibitisha lolote. Mkataba wake ulipokwisha mwezi uliofuata haukuongezwa. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa mgeni na pia kwa sababu, acha nikiri, niliamini kidogo.

Hivi karibuni nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa nikakutana na maelezo ya Microsoft kuhusu tatizo lililoanza mwaka ule ule wa 2018. Nikayasoma mara mbili. Kisha nikaanza kurudi nyuma, mwaka kwa mwaka, hadi nikajikuta kwenye miaka ya hamsini. Haya ndiyo niliyoyakuta njiani.

Tuanze na kiti cha ndege. Shirika la American Airlines kule Marekani lilikuwa likiandika nafasi za abiria kwenye kadi, na kadi zenyewe zilipangwa kwenye kabati la kuzunguka ambalo makarani wanane hivi ndio walioweza kulizingira. Karani akitaka kuuza kiti, anavuta kadi ya safari ile, anaweka alama, anairudisha. Huo ulikuwa mfumo wa polepole lakini ulikuwa na sifa moja ambayo wengi hawaioni: kadi ni moja. Ikiwa mkononi mwangu haiwezi kuwa mkononi mwako. Shirika lilipoungana na IBM kutengeneza mfumo wa SABRE, uliokamilika mwaka 1964, kadi zikahamia ndani ya kompyuta mbili aina ya IBM 7090 huko Briarcliff Manor, New York. Vituo vya tiketi kote Marekani vilipiga simu kwenye kompyuta hizo kuuliza na kuomba. Angalia neno hilo: kuomba. Hakuna kituo kilichogusa data chenyewe.

Sasa chukua daftari la michango ya harusi, maana wote tunalijua. Jumla iliyoandikwa ni shilingi 400,000. Mjumbe wa kwanza anaisoma, kapokea 50,000, anakwenda pembeni kujumlisha. Mjumbe wa pili naye anaisoma ile ile 400,000, kapokea 100,000, anajumlisha. Wa kwanza anarudi anaandika 450,000. Wa pili anarudi, anafuta, anaandika 500,000. Shilingi 50,000 zimeyeyuka na kwenye kamati hakuna mwizi hata mmoja! Mtakaa mtagombana hadi siku ya send-off.

Aliyelipa jambo hili hesabu zake ni Jim Gray na wenzake watatu (Eswaran, Lorie na Traiger) katika maabara ya IBM ya San Jose, California. Mwaka 1976 walichapisha makala iliyoeleza kwa ushahidi wa kihisabati ni lini unafunga rekodi, ni lini unaifungua, na kwa nini usianze kufungua kufuli lolote kabla hujamaliza kufunga yote unayoyahitaji. Hapo ndipo wazo la muamala likapata umbo tunalolijua: ama yote yanafanyika, ama hakuna kinachofanyika. Leo ukituma pesa kwa simu, zikatoka kwako na kuingia kwa shangazi yako bila kupotelea hewani, kuna mkono wa bwana huyu. Gray alieleza pia kanuni nyingine iliyo rahisi hadi inashangaza: kabla hujabadilisha kitu kwenye kanzidata, andika kwanza kwenye daftari la pembeni unachokusudia kufanya. Umeme ukikatika katikati, unasoma daftari na kujua pa kuanzia. Shikilia hilo la daftari la pembeni, nitalirudia.

(Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Turing. Januari 2007 alitoka peke yake na mashua yake kwenda visiwa vya Farallon, nje ya San Francisco, akatoweka. Marafiki zake walipata picha za setilaiti na maelfu ya watu wakajitolea kuzikagua kwenye intaneti kipande kwa kipande. Hakuonekana yeye wala mashua.)

Kwa hiyo mwaka 1976 jibu lilikuwepo, limeandikwa, limechapishwa. Mbona basi mwaka 2018 ofisi yetu inaharibikiwa?

Kwa sababu katikati hapo zilikuja kompyuta ndogo, na kompyuta ndogo zilianza ujinga upya. Sisemi kwa dharau. Bwana Wayne Ratliff, aliyefanya kazi maabara ya JPL huko California, alitaka programu ya kumsaidia kubashiri matokeo ya ligi ya mpira wa Kimarekani kwenye bahati nasibu ya pale ofisini. (Mnaobeti, mnaona mna mababu!) Mwishoni mwa miaka ya sabini akaandika programu aliyoiita Vulcan. Baadaye ikauzwa na kampuni ya Ashton-Tate kwa jina la dBASE II, ingawa dBASE I haikuwahi kuwepo. Namba mbili ilisikika kama kitu kilichokomaa. dBASE ikaenea. Ofisi ndogo ambayo isingeweza hata kuota kompyuta ya IBM sasa ilikuwa na kanzidata yake mezani. Lakini ilikuwa kanzidata ya mtu mmoja, mashine moja, kiti kimoja. Makufuli ya Gray hayakuwa na kazi hapo. Unamfungia nani wakati uko peke yako chumbani?

Kisha wakatandaza kebo.

Mwanzoni walichoshirikiana ofisini ilikuwa diski, si faili. Diski kuu ilikuwa ghali mno, basi kampuni kama Corvus zikauza diski moja ya kuunganishwa na kompyuta kadhaa. Kila kompyuta iliiona diski ile kana kwamba ni yake peke yake. Na kila diski ina jedwali linaloonyesha kipande gani kina faili lipi na kipande gani ni kitupu. Kompyuta mbili zikisoma jedwali hilo, zikaona kipande kile kile ni kitupu, zote zitaandika hapo. Ni kama maofisa ardhi wawili wanaogawa viwanja kwa ramani mbili. Kwa hiyo ama uigawe diski kila mtu na kipande chake, na hapo hamshirikiani chochote, ama mshirikiane na mtapata mnachokitafuta.

Novell, kampuni ya Provo katika jimbo la Utah, ndiyo iliyofanya jambo la busara mwaka 1983 kwa mfumo wake wa NetWare. Badala ya kugawa diski, wakagawa mafaili. Seva moja tu ndiyo iliyogusa diski. Kompyuta nyingine zikaiomba: nipe faili hili, andika pale. Jedwali likabaki na mwangalizi mmoja. Miaka ya mwisho ya themanini wakaongeza kitu cha kufuatilia miamala: kompyuta ikizimika katikati ya kuandika, seva inalirudisha faili lilivyokuwa kabla. Upande wa DOS, toleo la 3.0 la mwaka 1984 na 3.1 la mwaka 1985 yakaleta uwezo wa kufunga sehemu ya faili, na IBM ikawa tayari imebuni itifaki ya kugawana mafaili ambayo Microsoft iliikuza na ambayo hadi leo Windows inaitumia: SMB.

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo kiini kilipo. Seva ya mafaili haijui kanzidata ni nini. Kwake faili lile ni mfuatano wa baiti, kama picha au wimbo. Haijui kwamba baiti hizi ni jina la wakala na zile ni deni lake. Kompyuta tano zinazoitumia zenyewe ndizo zinazovuta kurasa za faili kupitia kebo, zinazibadilisha kwenye kumbukumbu zao, na kuzirudisha. Akili yote iko kwa wageni, na mwenye nyumba amelala. Kufuli nalo ni makubaliano tu. Programu inaiambia seva "nafunga baiti ya namba fulani," na programu nyingine za aina ile ile, kwa adabu, zinaangalia kwanza kabla ya kuandika.

Access, iliyotoka Novemba 1992, inafanya hivi kwa namna ambayo ilinichekesha nilipoielewa. Ukifungua faili, pembeni yake linazaliwa faili dogo la makufuli. Ndani yake kila mtumiaji anapewa baiti 64: 32 za jina la kompyuta yake na 32 za jina lake la kuingilia. Watumiaji mwisho 255, kwa hiyo faili hilo halizidi baiti 16,320. Lakini makufuli yenyewe yanawekwa kwenye namba za baiti zilizo mbali kabisa na mwisho wa faili, mahali pasipokuwepo! Wanafunga hewa. Na inafanya kazi, kwa sababu wote wamekubaliana hewa ipi ni ya nani.

Inafanya kazi hadi mmoja anapokatika. Ukibadilisha deni moja la wakala, si ukurasa mmoja unaobadilika. Kuna ukurasa wa rekodi, kuna kurasa za faharasa zinazosaidia kumtafuta kwa jina au kwa namba, pengine na ukurasa unaoonyesha nafasi iliyobaki. Vyote hivyo lazima vipite kwenye kebo na vifike vyote. Mtu akijikwaa kwenye waya baada ya ukurasa wa pili, faili limebaki nusu jipya nusu la zamani, na daftari la pembeni la Jim Gray halipo. Wale waliofanya kazi ofisini wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006 au ule wa 2011 hawahitaji kuelezwa zaidi. Linganisha na kanzidata yenye seva yake: kompyuta yako inatuma ujumbe mmoja tu, "ongeza 50,000 kwa wakala huyu," na kazi yote inafanyika upande wa pili, ndani ya mashine moja, ikiwa na daftari lake. Waya ukikatika, ama ujumbe ulifika ama haukufika. Hakuna nusu.

Wenzetu wa Unix nao walikuwa na yao. Sun walitoa NFS katikati ya miaka ya themanini, na walijivunia kwamba seva yake haikumbuki lolote kuhusu wateja wake: ikizima ikawaka, mambo yanaendelea. Ni wazo zuri, ila kufuli ni kumbukumbu! Huwezi kumfungia mtu mlango halafu usahau umemfungia. Basi wakatengeneza programu ya pembeni ya kushughulikia makufuli, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chanzo cha vilio, na ni toleo la nne, lililoandikwa mwaka 2000, ndilo lililoyaingiza makufuli ndani ya itifaki yenyewe.

Sasa tufike kwa mtuhumiwa wangu mkuu.

Kuvuta kila ukurasa kupitia mtandao ni polepole. Wahandisi wa Microsoft wakajiuliza: kama mtu yuko peke yake kwenye faili, kwa nini ahangaike kuuliza seva kila wakati? Ndipo kwenye familia ya Windows NT, kuanzia miaka ya tisini, likawepo kufuli lingine la ajabu, waliloliita oploki, yaani kufuli la kudandia fursa. Turudi kwenye daftari la michango. Mweka hazina anakwambia: "Naona leo hakuna mwingine anayelitaka, chukua ukurasa huu nenda nao nyumbani, andika unavyotaka. Mwenzako akija nitakupigia simu urudishe." Kazi inakwenda mbio kweli. Mwenzako anakuja. Mweka hazina anapiga simu. Ukiwa hewani, unarudisha ukurasa na mambo yako yote uliyoandika, safi. Je, kama simu yako imekata chaji? Anasubiri, na kwenye Windows NT alisubiri sekunde 35 kama hakubadilishiwa muda, kisha anamkabidhi mwenzako ukurasa wa zamani alionao. Wewe huku una maandishi ambayo hakuna anayejua kwamba yapo.

Kwa barua na picha hasara ni ndogo. Kwa kanzidata yenye watu watano wanaogusa kurasa zile zile kutwa nzima, unacheza na moto. Nyaya mbovu, kadi ya mtandao yenye hitilafu, au programu ya kuzuia virusi inayolishika faili katikati, yote yalitosha. Waliotengeneza Samba, programu huria aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Canberra miaka ya mwanzo ya tisini ili mashine za Unix ziweze kuzungumza na Windows, walikuwa wazi zaidi: mwongozo wao unakuonyesha mstari wa kuandika ili mafaili ya Access na ya dBASE yasipewe oploki kamwe. Microsoft nao walieleza namna ya kuizima ndani ya rejista ya Windows. Mafundi wa kanzidata wa miaka ile walizima hiyo kabla hawajavua koti, na wengi walidhani wamemaliza.

Hawakumaliza. Windows Vista ya 2007 ilikuja na toleo la pili la SMB, na swichi ile ya zamani haikuwa na nguvu juu ya toleo hilo. Windows 7 ya 2009 ikaongeza kitu kinachoitwa ukodishaji: ukurasa wa daftari sasa unapangishiwa, na masharti ya upangaji ni marefu zaidi. Kisha tarehe 30 Aprili 2018 Microsoft ikatoa sasisho la Windows 10 toleo la 1803. Muda si mrefu watu wakaanza kulalamika kwamba mafaili yao ya Access yaliyokaa kwenye kompyuta ya pamoja yanaharibika bila sababu, yanakarabatiwa, yanaharibika tena. Ushauri wa Microsoft wenyewe ulikuwa kuzima ukodishaji kwenye mashine inayohifadhi faili.

Aprili 2018. Katikati ya mwaka 2018. Mashine ya mhasibu ilikuwa mpya, na ilikuwa Windows 10. Nakumbuka kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa nzuri na sote tuliionea wivu. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ndicho kilichotokea kwetu. Lakini faili lililotulia miaka mingi halianzi kuugua kila siku mchana kwa sababu dada mmoja kabonyeza kitufe vibaya.

Nasikia mtu anauliza: basi tufanye nini sisi tunaotumia mafaili hayo hayo kwenye SACCOS, zahanati, shule? Kama mna fundi na senti kidogo, hamieni kwenye kanzidata yenye seva yake. Wazo hilo si jipya: Microsoft, Ashton-Tate na Sybase walitangaza yao pamoja mwanzoni mwa 1988, na leo kuna nzuri za bure kabisa kama PostgreSQL na MariaDB. Mkibaki na faili, ligawanye: data peke yake kwenye mashine moja isiyotumika kwa kazi nyingine na yenye betri ya akiba, halafu fomu na ripoti kila mtu na nakala yake mezani. Msifungue kupitia Wi-Fi, kwa sababu Wi-Fi hukatika mara mia bila wewe kuona. Msiliweke kwenye folda za kusawazisha mafaili kwenye wingu na kulifungua humo, maana zile hazijui kufuli ni nini. Watu wawili wakiandika, mtapata mafaili mawili, kila moja na ukweli wake. Na nakala ya akiba ichukuliwe wote wakiwa wametoka. Ukinakili faili wakati watu wanaandika, unanakili kichwa cha saa nne na miguu ya saa nne na dakika mbili.

Katika wote niliowasoma, aliyenifurahisha ni D. Richard Hipp. Mwaka 2000 alitengeneza SQLite, wazo likiwa limetokana na kazi yake kwenye programu ya manowari ya jeshi la Marekani, ambako seva ya kanzidata ilipokuwa chini, programu yake nayo ilikwama ingawa haikuwa na kosa. Leo SQLite iko ndani ya simu yako, huenda mara nyingi kuliko unavyodhani. Yeye na wenzake wameandika ukurasa mzima unaoeleza namna za kuharibu kanzidata yao wenyewe. Mojawapo ni kuiweka kwenye diski ya mtandao ambayo makufuli yake hayaaminiki, na wanasema kabisa kwamba hali hiyo ni ya kawaida. Nani mwingine anauza bidhaa na kukuandikia jinsi ya kuivunja? Laiti kampuni ya mhasibu wetu ingepewa karatasi kama hiyo.

Jumamosi iliyopita nilitafuta namba ya yule dada. Siku hizi ana duka la vyombo, hataki nitaje wapi. Nikamsalimu, nikajitambulisha, akanikumbuka kama "yule kijana wa field aliyekuwa anakunywa chai yetu." Nikamweleza yote, sasisho, kufuli, ukodishaji. Akanisikiliza bila kunikatiza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, mdogo wangu, hiyo Microsoft ndiyo iliyokula na mawakala?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwomba radhi kwa kunyamaza siku ile. Akasema amesikia, hakusema amesamehe. Kisha nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua: ofisi ilipata wapi madeni ya kanda ile, maana baada ya wiki mbili mawakala walikuwa wanadaiwa tena kama kawaida?

"Kwani hawakukwambia?" akasema. "Mimi kila muamala nilikuwa nauandika kwanza kwenye kaunta buku, ndiyo naingiza kwenye kompyuta. Ile mashine sikuiamini tangu siku ya kwanza. Walikuja wakaniomba madaftari, nikawapa. Matatu. Mpaka leo hawajanirudishia."